TRANSFOMA: SANDUKU LA KIJIVU LILILO JUU YA NGUZO

Katika miji yetu yote na katika vijiji vingi sasa mna nguzo mbili zilizosimama pamoja, na juu yake limekaa sanduku la chuma la rangi ya kijivu, lenye mbavu pande zote na vikombe vya kigae kichwani. Usiku kukiwa kimya, mtu apitaye chini yake hulisikia likivuma kama nyuki walio mbali. Sanduku hilo ndilo transfoma.

Watu wengi hudhani kwamba umeme hutengenezwa humo ndani. Kwa hiyo taa zikififia saa mbili ya usiku, au mashine ya kusaga ikikosa nguvu, husema, "Transfoma yetu mbovu," au "Mafundi wanatunyima umeme." Lakini kuuliza si ujinga. Basi na tuulize leo: Transfoma hufanya kazi gani hasa? Kile kibao kilichopigiliwa ubavuni mwake chasema nini? Na kwa nini transfoma nzima, iliyoweza kudumu miaka mingi, huungua kabla ya wakati wake?

Kazi yake ni kuvunja noti

Kwanza yafaa tukumbuke maneno matatu. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme. Ni kama msukumo wa maji yatokayo katika tangi lililowekwa juu. Ampea ni kipimo cha wingi wa umeme upitao katika waya. Ni kama wingi wa maji yapitayo katika bomba. Ukizidisha volti kwa ampea wapata wati, yaani nguvu yenyewe inayofanya kazi. (Baadaye tutaona kwamba jambo hili la mwisho lina sharti lake.)

Sasa, transfoma haitengenezi umeme hata kidogo. Kazi yake ni kama ya mtu avunjaye noti. Ukimpa noti moja ya shilingi 10,000 atakupa sarafu 20 za shilingi 500. Sarafu ni nyingi, lakini mali ni ile ile. Kadhalika transfoma hupokea volti nyingi na ampea chache, ikatoa volti chache na ampea nyingi. Au kinyume chake. Wala haitoi nguvu zaidi ya ile iliyopokea. Hutoa pungufu kidogo, kwa kuwa sehemu ndogo hupotea njiani ikawa joto na ile sauti ya kuvuma. Mtu akikuuzia chombo akisema kwamba chaongeza umeme bure, ujue anakudanganya.

Umeme wavukaje bila waya kugusana?

Ndani ya sanduku mna chuma kilichofanywa kama fremu ya dirisha, na juu ya chuma hicho zimezungushwa koili mbili za waya wa shaba, au wa alumini. Koili ya kwanza hupokea umeme kutoka kwenye laini. Koili ya pili huupeleka majumbani. Koili hizi mbili hazikuungana. Waya za moja hazigusi za nyingine. Basi umeme wavukaje?

Aliyelitambua jambo hili ni Mwingereza Michael Faraday, huko London, tarehe 29 Agosti 1831. Alichukua pete ya chuma, akazungusha waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili. Waya wa kwanza aliuunganisha na betri, na wa pili aliuunganisha na chombo chenye sindano ya kuonyesha umeme. Alipounga betri, sindano ilitikisika mara moja kisha ikatulia. Betri ilibaki imeungwa, lakini sindano haikusogea tena. Alipoiondoa betri, sindano ikatikisika mara ya pili, safari hii upande mwingine.

Maana yake ni nini? Umeme upitao katika koili ya kwanza hufanya chuma kuwa sumaku. Sumaku ikiwa imetulia, koili ya pili haipati kitu. Bali sumaku ikiwa inabadilika, ikikua au ikipungua, hapo ndipo umeme huzaliwa katika koili ya pili. Si sumaku yenyewe ifanyayo kazi hii, bali kubadilika kwake.

Ndiyo maana transfoma hufanya kazi kwa mkondo geu tu, yaani umeme uendao mbele na kurudi nyuma. Umeme wa nchi yetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na sumaku ya ndani ya transfoma hugeuka pamoja nao. Chuma hicho hunyumbuka kidogo mno kila sumaku ikoleapo upande huu na upande huu, yaani mara 100 kila sekunde, na huo ndio mvumo tuusikiao. Mwanafunzi akiiunga transfoma na betri, hatapata kitu upande wa pili, na koili ya kwanza yaweza kuungua, maana hakuna cha kuuzuia umeme ila ukinzani mdogo wa waya.

Chuma hicho si bonge moja. Ni mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, kila moja limepakwa kitu kisichopitisha umeme. Kama kingekuwa bonge, umeme ungezaliwa ndani ya chuma chenyewe, ukazunguka humo bure na kukichemsha.

Toka siku ya Faraday ilipita zaidi ya miaka 50 kabla ya transfoma kufaa kwa kazi za mji. Mwaka 1885 wahandisi watatu wa Hungaria, Károly Zipernowsky, Miksa Déri na Ottó Bláthy, waliunda transfoma zenye chuma kilichofunga mzunguko mzima. Mwaka 1886 William Stanley aliwasha taa za mji mdogo wa Great Barrington, Marekani, kwa transfoma alizounda yeye.

Hesabu ya mizunguko

Kanuni ya volti ni nyepesi: volti za koili mbili hulingana na idadi ya mizunguko ya waya. Tuseme transfoma ndogo ya redio ina mizunguko 1,150 upande wa kwanza, nayo imeungwa na umeme wa volti 230. Kila volti 1 ina mizunguko 5. Tukitaka volti 12 upande wa pili, tutazungusha waya mara 60.

Je, ampea? Hizo huenda kinyume. Redio ikichukua ampea 2 kwa volti 12, nguvu ni 24. Basi upande wa kwanza utachukua 24 kugawanya kwa 230, yaani kama ampea 0.1 tu. Ndiyo maana ukiifungua transfoma iliyokufa utaona waya mwembamba kama uzi wenye mizunguko mingi, na waya mnene wenye mizunguko michache. Waya mnene ndio wa ampea nyingi.

Kwa nini tuhangaike na volti nyingi?

Labda msomaji atauliza: ikiwa nyumbani twatumia volti 230, kwa nini tusisafirishe hizo hizo 230 tangu bwawani? Jibu ni kwamba waya hula umeme. Kila waya una ukinzani, na nguvu ipoteayo ni ampea zikizidishwa kwa zenyewe, kisha kwa ukinzani. Ampea zikiwa mara mbili, hasara ni mara nne.

Tuchukue mfano. Twataka kupeleka wati 50,000 kijijini, na ukinzani wa waya wote, kwenda na kurudi, ni omu 1.

Tukipeleka kwa volti 250, tutahitaji ampea 200. Hasara ni 200 mara 200 mara 1, yaani wati 40,000. Kijiji kitapata wati 10,000 tu, na zile volti 250 zitafika zikiwa 50.

Tukipeleka kwa volti 10,000, tutahitaji ampea 5. Hasara ni 5 mara 5 mara 1, yaani wati 25. Karibu nguvu yote itafika.

Waya ni ule ule na nguzo ni zile zile; kilichobadilika ni volti. Ndiyo sababu umeme wa Kidatu, wenye mashine nne zitoazo jumla ya megawati 204 kutoka Mto Ruaha Mkuu, hupandishwa hadi volti 220,000 kabla ya kuanza safari ya kupitia Morogoro kwenda Dar es Salaam. Nguvu hiyo yote, kwa volti 220,000, ni kama ampea 535 katika kila waya wa zile njia tatu. Kwa volti 400 ingekuwa karibu ampea 294,000; hakuna waya wa nguzoni uwezao kubeba hizo. Na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, hupeleka umeme wake Chalinze kwa volti 400,000.

Ukifika mjini umeme hushushwa ngazi kwa ngazi: katika vituo vikubwa hufanywa volti 33,000 au 11,000, na mwishoni lile sanduku la kijivu huufanya volti 400 kati ya waya na waya, ambazo ni 230 kati ya waya mmoja wa moto na nyutro. Bila transfoma mwanzoni na mwishoni, mabwawa haya mawili yasingewasha taa hata moja ya Dar es Salaam.

Kibao chasemaje?

Kila transfoma ina kibao cha chuma chenye maelezo yake. Tuseme tunasoma kibao cha transfoma ya kijiji. Tutaona mambo kama haya:

kVA 50. Hiki ndicho kipimo cha mzigo wake: volti mara ampea, kwa maelfu.

V 11,000/400. Upande wa laini hupokea volti 11,000. Upande wa majumbani hutoa 400.

A 2.62/72.2. Hizi ndizo ampea za mwisho iwezazo kubeba mfululizo katika kila waya wa njia tatu. Tazama jinsi volti na ampea zinavyopokezana: upande wa volti nyingi ampea hazifiki 3, upande wa volti chache ni 72.

Hz 50. Umeme wake uende na kurudi mara 50 kwa sekunde.

Asilimia 4. Hii huonyesha jinsi transfoma yenyewe inavyozuia umeme ukipita kiasi. Nyaya zikigusana karibu nayo, ampea zaweza kufika 100 kugawanya kwa 4, yaani mara 25 ya kawaida: kama ampea 1,800! Kwa hiyo zipo fyuzi. Mtu abadilishaye fyuzi iliyokatika akaweka kipande cha waya mnene amemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Tena kuna volti za kuchagua, kwa mfano zaidi au pungufu ya 11,000 kwa asilimia 2.5 na asilimia 5. Kijiji kilicho mwisho wa laini ndefu hupata volti pungufu, na fundi, akiisha kuuzima umeme, huweza kubadilisha idadi ya mizunguko kwa swichi ili majumbani zifike volti zipasazo.

Kwa nini kVA wala si kilowati?

Swali hili huwatatiza wengi. Mita ya nyumbani huhesabu kilowati kwa saa, lakini kibao cha transfoma husema kVA. Je, si kitu kimoja?

Kwa pasi, jiko la umeme na hita ya maji, ni kitu kimoja. Lakini mota za mashine za kusaga na za pampu huchukua umeme wa namna mbili: ule ufanyao kazi, na ule wa kujenga sumaku ndani ya mota, ambao huenda na kurudi bila kusaga hata punje. Mtu abebaye maembe katika pakacha hulipwa kwa maembe, lakini shingo yake hubeba maembe na pakacha pia.

Ila namna hizi mbili hazijumlishwi kama maembe na pakacha. Hujumlishwa kwa pembetatu ya Pythagoras. Umeme wa kazi ukiwa 40 na wa sumaku ukiwa 30, jumla si 70 bali ni 50. Kwa hiyo transfoma ya kVA 50 yenye mota nyingi yaweza kutoa kilowati 40 tu za kazi, nayo imekwisha kufika mwisho wa nguvu zake. Joto la koili hutokana na ampea, na joto la chuma hutokana na volti. Transfoma haijui kama ampea zile zinasaga mahindi au zinazunguka bure, zote huichemsha. Basi mwenye kuiunda huandika volti mara ampea.

Sasa yaone mambo ya kijiji. Mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 15 huhitaji kama kVA 20. Mashine mbili ni 40. Kati ya 50 zimebaki 10 kwa shule, zahanati na nyumba zote. Tena mota ikiwashwa huvuta, kwa muda mfupi, ampea mara tano au sita ya kawaida, na hapo taa za kijiji kizima hufifia. Transfoma si mbovu wala si mvivu; imepewa mzigo wa watu wawili. Kwa hiyo mwenye kutaka kuleta mashine ya tatu yampasa kwanza apeleke ombi kwa shirika la umeme, wapime mzigo, na ikibidi walete transfoma kubwa zaidi. Kujiunganishia kwa siri ni kuwachomea wenzako taa zao.

Kanuni hii ya kibao ni ile ile kwa transfoma ndogo ziuzwazo madukani. Vyombo vya Marekani ni vya volti 120. Pasi ya wati 1,000 kutoka huko, ikiungwa moja kwa moja na volti 230, itavuta zaidi ya mara tatu na nusu ya wati zake, na itaungua. Utahitaji transfoma ya kushusha. Lakini usinunue yenye VA 100 kwa sababu ni rahisi. Pasi ya wati 1,000 yataka transfoma isiyopungua VA 1,000, na afadhali izidi kidogo.

Joto na mafuta

Adui wa transfoma ni joto. Waya wa koili umezungushiwa karatasi maalumu, na tangi limejazwa mafuta. Mafuta yale yana kazi mbili: huzuia umeme usiruke, nayo huchukua joto la koili na kulipeleka kwenye zile mbavu ili hewa ilipoze. Mafuta ya moto hupanda, yaliyopoa hushuka, na hivyo hujizungusha yenyewe bila pampu.

Karatasi ikizidi joto lake la kawaida kwa digrii 6 hivi, maisha yake hupungua kwa nusu. Ikizidi kwa digrii 12, hubaki robo. Kwa hiyo mzigo wa kupita kiasi hauiui transfoma siku ile ile. Huipunguzia miaka kimya kimya, hata siku moja ikalipuka na watu wakasema, "Jana tu ilikuwa nzima."

Kuna wezi wafunguao tangi usiku na kufyonza mafuta ili wayauze. Tamaa mbele, mauti nyuma. Kwanza wapo karibu na volti 11,000, ambazo hazihitaji kuguswa ili ziue, huruka. Pili, mafuta hayo si ya kukaangia chapati wala ya kuchua maungo. Katika transfoma za zamani yamo mengine yaliyochanganyika na sumu iitwayo PCB. Tatu, transfoma isiyo na mafuta huungua, na kijiji hukaa gizani. Chanjo za zahanati huharibika, pampu ya maji husimama, na wanafunzi hurudi kwenye vibatari. Mzazi amwonaye mtu akigusa transfoma usiku na atoe habari upesi.

Transfoma haina mlango wa upande mmoja

Neno la mwisho ni la kuokoa maisha. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Ukiipa volti 11,000 hutoa 400. Lakini ukiipa 400 upande wa nyumba, hutoa 11,000 upande wa laini. Umeme ukikatika, watu wengine huwasha jenereta na kuichomeka katika soketi ya ukutani bila kuizima swichi kubwa ya nyumba. Umeme wa jenereta hutoka nje kwa waya ule ule, hufika katika transfoma, na hupandishwa. Huko mbele fundi yuko juu ya nguzo akitengeneza laini aliyoambiwa kwamba imezimwa. Jenereta ndogo ya dukani yaweza kumwua.

Mwenye jenereta yampasa awekewe na fundi aliyesajiliwa swichi ya kubadilishia, ambayo haiwezi kuunganisha laini na jenereta kwa wakati mmoja. Wanafunzi, waelezeni wazazi jambo hili likizo hii.

Zoezi kwa wapendao hesabu

Kijiji kina transfoma ya kVA 100. Mchana mashine tatu za kusaga hufanya kazi, kila moja ikihitaji kVA 20. Nyumba 100 hutumia wati 300 kila moja. (1) Je, transfoma yatosha? (2) Robo ya nyumba hizo zikinunua majiko ya umeme ya wati 2,000 na kuyawasha saa moja, mashine za kusaga zikiwa bado zinafanya kazi, itakuwaje? (3) Ungeishauri serikali ya kijiji ifanye nini? Swali la tatu halina jibu moja, nalo ndilo lenye faida kuliko yote.